Punje Chini ya Ulimi

...kwa hiyo waliokuwepo siku ile ni hawa: yeye mwenyewe, kwenye kiti cha mbao, mdomo ameufumba, mama mkwe wake, kwenye benchi la dirishani, amempakata mtoto, mtoto mwenyewe, mwenye meno mawili na kiatu kimoja, cha pili keshakivua na hakuna anayejua amekirusha wapi, fundi bomba, ambaye kwa wakati huo alikuwa miguu tu, maana mwili wake wote uliobaki ulikuwa umeingia kwenye kabati la chini ya sinki, na Bibi Punje, mwenye chumba, mwenye chupa na mwenye amri, amesimama mbele yake ameinua kidole kama mwalimu wa darasa la kwanza, anasema, "Usitafune, usimeze, usiongee hata neno, ziache ziyeyuke zenyewe mpaka ziishe," naye akaitikia kwa kichwa, taratibu, maana kichwa chake si cha kutikiswatikiswa, akazisikia zile punje zimetulia chini ya ulimi, ndogo kama vichwa vya pini, tamu, tamu kweli, na hapo hapo, kama mtu anavyobanwa na kicheko akishakatazwa kucheka, maneno yakamjaa mdomoni, yeye ambaye siku zote watu wanasema ni mpole, hana usemi, sasa angepewa nafasi angeongea mpaka jioni, na kisa ni lile swali, ndiyo, lile swali la mwisho, aliulizwa akalijibu harakaharaka, na sasa jibu lake linamkwaruza kama kijiwe ndani ya kiatu, amejibu vibaya... au amejibu vizuri... ngoja kwanza, asiharakishe, akumbuke moja moja, maana maswali yenyewe yalikuwa mengi, jamani, hata siku alipoposwa hakuulizwa nusu yake, "Kinaanzia upande gani, kulia au kushoto? Kinapiga kama ngoma au kinakamua kama nguo? Ukiwa nacho unataka dirisha wazi? Maji ya baridi au ya uvuguvugu? Harufu gani inakuchefua?" naye akajibu, kulia, kinapiga, dirisha wazi ila pazia literemshwe, maji ya baridi, harufu ya sabuni ya unga na ya nywele zikiungua, na Bibi Punje hakusema hata mara moja lile neno wanalosema watu wote, "Aa, kichwa tu," kichwa tu, kana kwamba kila mtu ana kingine cha akiba kabatini, yeye alikiita kwa jina lake, kipandauso, akalitamka kwa heshima kama anavyotajwa mtu mkubwa, na alipouliza, "Kikikushika unapenda kubembelezwa au unataka uachwe?" haya zikamshika, akainama, atajibuje mbele ya mkwe, akisema aachwe ataonekana mkorofi, akisema abembelezwe ataonekana mtoto, ndipo mama mkwe akajibu kutoka dirishani bila hata kugeuza shingo, "Anataka tumwache, lakini tusiende mbali," loo, machozi yalimlenga pale pale, maana ndivyo, ndivyo hasa, na yeye mwenyewe hakuwahi kulipata hilo neno, amelitafuta miaka yote katika giza la kile chumba, kitambaa cha maji usoni, akidhani nyumba nzima imemsusa, kumbe yule mama huko sebuleni anatembea pekupeku, kumbe vifuniko vya sufuria alivizungushia vitambaa visigongane, kumbe alikwenda kwa jirani akamwambia, "Redio yako nzuri sana, mwanangu, ila leo tuazime ukimya kidogo," na haya yote yeye aliyasikia kwa jirani, siyo kwa mama mwenyewe, mama mwenyewe hasemi, anatenda tu halafu anauliza kama chai imeingia sukari...

"Huyo dada ni kama mke wangu," sauti ikatoka chini ya sinki, ya fundi, inavuma kama ya mtu aliye kisimani, "akishikwa na kichwa ananiambia nizime taa, nizime redio, juzi kaniambia nizime na kupumua," na mama mkwe, ambaye hapitwi na mzaha, "Na wewe ukazima?" "Nilitoka nje, mama, nikapumulie kwa jirani," na Bibi Punje, "Fundi, nimekuita uzibe bomba, sikukuita ufungue redio," na yeye akacheka kwa pua, midomo ameikaza, punje moja ikateleza ikaenda kusimama pembeni ya jino, akaifukuza kwa ncha ya ulimi, rudi, rudi kundini, maana Bibi Punje si wa kuchezewa, fundi wa watu alipoingia tu mlangoni aliulizwa, "Una nini mdomoni?" "Peremende, mama, ya kikohozi," "Kaiteme nje, mnanaa hauingii humu," na kweli chumba chote hakina harufu, si kahawa, si marashi, si dawa ya meno, chupa ndogo za rangi ya kahawia tu zimejipanga rafuni bila kunuka kitu, akawaeleza kwamba dawa zake, hizi za homeopathi, hazitaki kushikwa kwa mkono wala kuchanganywa na harufu kali, zinamiminwa kwenye kifuniko kisha moja kwa moja chini ya ulimi, na kwamba kitu kinachomletea mzima taabu fulani, kikipunguzwa majini, kikapunguzwa tena na tena mpaka kisibaki kama kipo, wao wanaamini kinamtuliza mgonjwa mwenye taabu ileile, "Kama kitunguu, ukikimenya si unatokwa machozi na kamasi? Basi kitunguu hichohicho tunampa mwenye mafua ya machozi," na mama mkwe akasema, "Kwa vitunguu nilivyomenya mimi nisingepata mafua mpaka siku ya mwisho," na Bibi Punje akacheka mpaka miwani ikateremka, kisha akaacha kucheka akasema kitu ambacho wafanyabiashara hawasemi, "Wapo madaktari wanaosema hizi ni sukari tupu, binti, na mimi sina ugomvi nao, dawa zao usizitupe," akamtazama juu ya miwani, akauliza lile swali...

lile swali, hilo sasa, "Zile cheche unazoziona, zinakuja kabla ya maumivu, pamoja nayo, au baada yake?" cheche aliziita mwenyewe hivyo, hakuwa na jina jingine, baba watoto ni fundi wa kuchomelea vyuma na cheche anazijua, ila hizi zinatoka ndani ya jicho, zinaanza nukta moja tu, kama umetazama jua kwa bahati mbaya, kisha nukta inajikunja, inaota meno, meno ya msumeno, yanang'aa, yanatetemeka, upinde unakua unakua, na ndani ya upinde hakuna kitu, si giza, si mwanga, hakuna tu, uso wa mtu unakatika nusu na nusu nyingine inaendelea kuongea, na aliwahi kumwambia baba watoto, kwa hasira, "Ni hiyo mashine yako, inaniua macho," kesho yake mashine ikawa imehamia nyuma ya jengo, huko jua linakompiga mchana kutwa, na mpaka leo iko huko, na mpaka leo hajasema kitu... basi, kabla, pamoja, au baada, naye akajibu, "Pamoja," haraka, kama mtoto anayetaka mwalimu afurahi, pamoja, kwa sababu kwake cheche ni kichwa na kichwa ni cheche, kitu kimoja, nduli mmoja mwenye mikono miwili... pamoja... lakini zile ngazi...

zile ngazi za kutoka juu ya paa, wanakoanika nguo, hajamsimulia mtu, hata baba watoto alimwambia nusu, amemaliza kuanika, beseni tupu mkono wa kulia, mtoto kiunoni mkono wa kushoto, anatua ngazi ya kwanza, nukta, akasema ni jua, ngazi ya pili, nukta imeota meno, na ngazi zilizobaki zikakatika nusu, upande mmoja saruji, upande mmoja hakuna, akaweka mguu palipokuwa hakuna, na mguu ukashuka, ukashuka, akakaa kwa kishindo, beseni likaenda zake likigonga kila ngazi mpaka chini, ga, ga, ga, na mtoto akacheka, akapiga na makofi, alidhani ni mchezo, akataka tena, na yeye pale chini amemkumbatia hata akamfinya, akasema moyoni, wewe sitakubeba tena nimesimama, nisije nikakuua, na hajambeba, tangu siku ile hajambeba, anakaa kwanza ndipo analetewa, kama mgeni wa heshima, na mama mkwe hakuuliza kwa nini, jioni ileile aliingia chumbani amekunja mikono ya gauni, "Nipeni mume wangu nimwogeshe," na kila jioni tangu hapo, "Yuko wapi mume wangu, maji yanapoa," na wifi yake ndiye aliyesema, wakati anapaka kucha rangi, tena bila kuinua macho, "Wengine kazi yao kuzaa tu, kulea wamewaachia wazee," akameza, likashuka kavu, akalimeza, ila kuna ambalo halijashuka, juzi mtoto alianguka, hakuumia, alilia tu, na yeye alikuwa hapo hapo kando yake, karibu kuliko mtu yeyote, akamnyooshea mikono, na mtoto akaipita ile mikono akatambaa mpaka kwa bibi yake, na bibi mwenyewe akaona haya, akamrudisha, "Huyo ndiye mama yako, mume wangu, usinigombanishe na watu," wote wakacheka, na yeye akacheka, akaenda jikoni akajifanya anatafuta kijiko... hilo ndilo lililomleta hapa, kichwa kipone kisipone, kama ni cha kudumu kidumu, watu wana mengi yanayodumu, yeye anataka kumbeba mwanawe amesimama, atembee naye, ashuke naye ngazi, amwonyeshe paka wa watu huko chini, basi...

lakini pale kwenye ngazi, ngoja, alipokuwa amekaa pale chini, kichwa kilikuwa kinauma? akumbuke vizuri, asikumbuke kwa woga, akumbuke kwa macho, saruji ilikuwa ya moto, mtoto ananuka jasho tamu la utosini, yule jirani wa redio akapanda na ndoo yake, akasema, "Mwenzetu umepata baraza, unapunga upepo?" naye akamjibu, akamjibu! alimjibu kwamba anapumzika, wakaongea kuhusu ile sabuni mpya isiyotoa povu, jirani akamletea beseni lake kutoka chini, akamshukuru, akacheka, mtu mwenye kipandauso haongei habari za sabuni, mtu mwenye kipandauso hawezi hata kusema ndiyo, basi kilikuwa hakijafika! akashuka kwa makalio ngazi kwa ngazi kama mtoto, mtoto mapajani, akamnyonyesha, mtoto akasinzia, akamlaza, cheche zikafifia zikaondoka, akaona vizuri kabisa, hata akasema alhamdulillahi leo kimenipita, na ndipo, ndipo hasa, nyundo ya kwanza ikatua juu ya jicho la kulia... kabla... "Nipe hiyo spana kubwa, mama, iko kwenye mfuko," "Hii?" "Hiyo ni koleo, mama," "Basi sema koleo," "Si koleo ninayotaka," na Bibi Punje na mama mkwe wakainamia mfuko wa fundi wote wawili, na yeye anataka kupiga kelele pale kitini, kabla! nilikosea, ni kabla! lakini punje, punje bado zipo, anazisikia zimekuwa ndogo zaidi, zimeota ulaini kama kingo za sabuni, asiongee... na shuleni je? mkutano wa wazazi, mwalimu wa binti yake mkubwa, ule uso mzuri wa mwalimu umekatika, jicho moja na nusu mdomo, na ule nusu mdomo unasema, "Mwanao anaandika vizuri, ila anaandika mpaka kwenye meza," na yeye amefurahi, amecheka, ameshukuru, amesaini, ametembea mpaka getini, ndipo kikampanda, getini, siyo darasani, kabla! na ile siku ya pasi, anapiga pasi shati la baba watoto, kola ikapotea, akaendelea kwa kupapasa, akamaliza, akalikunja, akalitundika, akachomoa pasi ukutani, kote huko anaona nusu shati na haumwi hata kidogo, kabla, kabla, kabla...

kinapiga hodi! ni hilo, kinapiga hodi, miaka yote amekuwa akiidhani ile hodi ndiyo kipigo, anaisikia tu anafumba macho anajikunyata mahali pake, palepale ngazini, palepale kwenye pasi, anangoja kuuawa, kumbe ni mgeni mbaya, mbaya sana, lakini anabisha mlangoni, anabisha na anangoja nje, anangoja muda wa kuongea habari za sabuni, muda wa kumnyonyesha mtoto mpaka asinzie, muda wa kupiga pasi shati zima la mikono mirefu, na katika muda huo mtu si anaweza kukaa chini? anaweza kumlaza mtoto mkekani, anaweza kuita, "Mama, njoo," anaweza kuteremsha pazia, anaweza kumeza kile kidonge... kidonge! kidonge cha hospitali, Mungu wangu, yule daktari kijana, siku ile binti yake mkubwa alipokula chupa nzima ya punje hizi, dawa ya safari ya kwanza, zile za kuanzia alizozichukua mama kwa Bibi Punje, binti alizikuta juu ya kabati akagawana na mwanasesere wake, moja kwako moja kwangu, na ya mwanasesere akala yeye, na yeye mama alikimbia naye hospitali khanga upande, analia barabarani, na daktari akaisoma chupa, akamtazama mtoto anayeruka kitandani, akasema, "Mama, amekula sukari, kampigishe mswaki," wengine wangeishia hapo, wangemcheka, foleni ilikuwa mpaka nje, lakini yeye aliuliza, "Na wewe ulikuwa unazitumia kwa ajili ya nini?" akamwambia, akamsikiliza, akampima macho na shingo, akasema siyo uvimbe, usilale ukilia, ni kipandauso, akamwandikia vidonge, "Ila umeze mapema, mapema kabisa, kikishapanda havina kazi," naye akatoka na lile neno mapema kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango, mapema ni lini? kila mara amekimeza wakati nyundo imeshaanza, kikatoka kama kilivyoingia, akasema vidonge vyao pia ni bure, kumbe mapema ina alama yake, mapema ina meno ya msumeno, mapema inamwakia machoni, hata kipofu angeiona...

na zile siku kinapokuja bila cheche, asubuhi, anapoamka nacho tayari, hasa akiwa amelala njaa au hakulala? zipo, asijidanganye, lakini kikija hivyo kinamkuta kitandani, na mtoto yuko kitandani, hakuna ngazi kitandani, na kulala njaa ataacha, atakula hata kama wote wameshiba... na hizi punje, je, zinafanya kazi? hajui, kweli hajui, binti yake alikula chupa nzima akaamka akaomba nyingine, pengine daktari ana haki, pengine Bibi Punje ana haki, pengine ni sukari, lakini ni nani mwingine katika dunia hii alimkalisha kwenye kiti akamuuliza kabla, pamoja, au baada, kisha akamfunga mdomo ili alitafakari jibu lake mwenyewe? kwa swali lile atakula sukari, atakula na chupa... "Hii ndiyo spana?" "Ndiyo hiyo, mama, ubarikiwe," "Mume wangu, tazama, babu yumo kabatini," "Babu? Mimi sijafika hata arobaini, mama," "Kwa miguu hii?" na mtoto anacheka kwa sababu bibi yake amecheka, anaruka mapajani mwa bibi, mguu mmoja na kiatu na mmoja mtupu, kisha ghafla anageuka, anamtazama mama yake, anatazama ile midomo iliyofumbwa, mashavu yaliyojaa kicheko, macho yanayomwaga machozi bila huzuni yoyote, anashangaa, mtoto anashangaa na meno yake mawili, na yeye anamwambia kwa macho, kwa kuwa mdomo una kazi, nakuja, hizi zikiisha tu nakuja, nitasimama nikubebe, na kikinipigia hodi nitakukalisha mahali pazuri kwanza ndipo nikifungulie, usiogope, mama haogopi... na Bibi Punje amegeuka, ameyaona yale machozi, amesogea, "Vipi, binti, kimeanza?" naye anatikisa kichwa hapana, anatikisa kwa nguvu, vile ambavyo hajakitikisa siku nyingi, na Bibi Punje anainua kidole kilekile, "Usiongee, nimesema, subiri," basi anasubiri, mikono magotini, kitini palepale, punje chini ya ulimi.

Kipandauso kilirudi kabla wiki haijaisha, mchana, jua likiwa kali, na kilipopanda mtoto alikuwa amekwisha kulazwa mkekani, mama yake kando yake, pazia limeteremshwa.